Nyumbani, India au Uturuki? Kumchagua daktari wa upasuaji wa kupunguza uzito

Nimewasikiliza watu wengi waliopitia upasuaji wa kupunguza uzito, waliofanyiwa Nairobi, Delhi na Istanbul. Wengi wao husema kuamua kupasuliwa hakukuwasumbua kama kumchagua wa kuwapasua. Kisukari kimepanda, magoti yanauma, usiku pumzi inakatika usingizini; hapo mtu hahitaji kushawishiwa tena. Anachohitaji ni jina la daktari, na majina anayoletewa ni mengi kuliko anavyoweza kuyapima.

Mara nyingi jina huja kwa simu. Picha za kabla na baada, namba ya WhatsApp, sauti ya upole inayojibu hata saa sita usiku, na bei inayoisha Ijumaa. Anayejibu si daktari. Ni wakala, na hulipwa kwa kila mgonjwa anayemfikisha hospitalini. Wako mawakala waaminifu waliowasaidia watu sana kwenye viza, malazi na tafsiri. Lakini wakala hawezi kukwambia mwili wako unafaa upasuaji gani, na ukiona anakwambia, hapo pana tatizo.

Nalinganisha njia tatu ambazo wasomaji wa Kenya na Tanzania huzipima zaidi: kufanyiwa nyumbani, kwenda India, au kwenda Uturuki. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Nimeona zote tatu zikimfaa mtu, na zote tatu zikimtesa mwingine.

Tunapima kwa vigezo gani

Vigezo vyangu ni vitano: uzoefu wa daktari mwenyewe, maandalizi kabla ya kupasuliwa, kilichomo ndani ya bei, wiki mbili za mwanzo baada ya upasuaji, na miaka inayofuata. Watu wengi huanza na bei na kuishia hapo. Mimi nazipa uzito mkubwa wiki mbili za mwanzo na miaka ya baadaye, kwa sababu matatizo mengi ya upasuaji huu hayatokei mezani. Hutokea mgonjwa akiwa ameshavaa nguo zake na ametoka wodini.

Kabla ya hayo, ujue unachokwenda kufanyiwa. Upasuaji unaofanywa zaidi leo ni ule wa kupunguza mfuko wa chakula: sehemu kubwa ya mfuko, kama robo tatu au zaidi, hukatwa na kutolewa, na hairudi. Wa pili ni baipasi: kinatengenezwa kifuko kidogo cha takriban mililita 30 na kuunganishwa na utumbo mwembamba, ili chakula kiruke sehemu ya njia yake ya kawaida. Aina zote mbili hufanywa kwa matundu madogo. Puto la tumboni si upasuaji. Huingizwa kwa mdomo na kutolewa baada ya miezi 6 au mwaka, kutegemea aina.

Tofauti moja inamhusu daktari moja kwa moja. Mwenye kiungulia kikali anaweza kuzidiwa baada ya kupunguzwa mfuko, ilhali baipasi kwa kawaida humpa nafuu. Daktari anayefanya aina moja tu ya upasuaji atakushauri hiyo hiyo, hata kama umelala na mito mitatu kwa sababu ya asidi. Swali lako la kwanza kwake liwe: unafanya zote mbili, na kwa nini unanichagulia hii?

Uzoefu wa daktari mwenyewe

Mwaka 2013 watafiti wa jimbo la Michigan, Marekani, waliwaomba madaktari 20 wa upasuaji huu watoe video zao wakiwa kazini, kisha madaktari wenzao wakazipima bila kujua ni za nani. Wagonjwa wa madaktari walioshika nafasi za chini kwa ustadi walipata matatizo kwa asilimia 14.5. Kwa wale wa juu ilikuwa asilimia 5.2. Wote walikuwa na leseni na walifanya upasuaji uleule. Ndiyo maana cheti cha ukutani hakitoshi.

Mgonjwa hawezi kupima video, lakini anaweza kuuliza idadi. Marekani, kituo kinachotaka ithibati kamili ya upasuaji huu hutakiwa kufikisha angalau upasuaji 50 wa aina hii kwa mwaka. Si sheria ya kwetu, ila ni kipimo kizuri cha kubeba kichwani.

Nyumbani madaktari wenye ujuzi huu ni wachache, na huo ndio udhaifu mkubwa wa njia hii. Nguvu yake ni kwamba unaweza kukaa mbele ya daktari, ukamuuliza, ukarudi nyumbani kufikiri, ukarudi tena. Leseni yake unaweza kuithibitisha Kenya kwa baraza la madaktari, KMPDC, na Tanzania Bara kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Baadhi ya hospitali huleta daktari mgeni kwa siku chache, hufanya upasuaji kadhaa, kisha huondoka. Si vibaya, mradi ujue ni daktari gani wa hapa atakayebaki na wewe, na kama yeye mwenyewe ameshawahi kutibu mshono uliovuja, yaani pale mfuko ulipokatwa au kuunganishwa pakaachia ndani ya tumbo.

India ina madaktari waliofanya upasuaji huu kwa idadi kubwa, na hospitali nyingi zina ithibati ya NABH, bodi ya India yenyewe, au ya kimataifa ya JCI. Ithibati hizo ni za hospitali, si za mkono wa mtu. Lalamiko nililolisikia zaidi ni hili: jina kubwa ndilo lililouza safari, lakini aliyepasua alikuwa msaidizi. Omba iandikwe kwenye fomu ya ridhaa nani hasa atapasua. Jambo lingine: kwa watu wa asili ya Asia vizingiti vya uzito ni vya chini. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2022 inapendekeza upasuaji kwa mwenye BMI (kipimo cha uzito kulingana na urefu) ya 35 na kuendelea, na kuufikiria kuanzia 30 kwa mwenye kisukari au maradhi yanayofanana nacho, lakini kwa Waasia hesabu huanzia 27.5. Mwafrika mwenye BMI ya 28 akiambiwa anafaa, aulize ni kwa kipimo cha nani.

Uturuki nayo ina mikono iliyozoea, hasa Istanbul, Izmir na Antalya, ambako wagonjwa hutoka Ulaya kila siku. Wizara ya Afya ya huko hutoa cheti maalumu kwa hospitali na mawakala wanaoruhusiwa kuhudumia wagonjwa wa kigeni. Kiombe na ukihakiki. Tatizo la njia hii ni kasi. Wapo wagonjwa waliomwona daktari kwa mara ya kwanza asubuhi ya upasuaji, kwa dakika chache, kupitia mkalimani, huku tayari wamevaa gauni la hospitali. Dakika hizo hazitoshi kubadili mawazo, na mtu aliyeshalipa tiketi hana ujasiri wa kubadili mawazo.

Popote uendako, muulize daktari ni wagonjwa wake wangapi mshono umevuja. Anayejibu "hata mmoja" baada ya mamia ya wagonjwa ananitia wasiwasi kuliko anayekupa namba na kukueleza alifanya nini. Kuvuja kwa karibu mgonjwa 1 katika 100 ni jambo linalotokea hata kwa wazuri.

Maandalizi kabla ya kisu

Daktari makini hukupima kabla hajakubali. Kamera ya tumbo, kwa sababu vidonda na bakteria wa H. pylori ni wa kawaida sana kwetu. Sukari, presha, moyo, na usingizi kama unakoroma na kukata pumzi. Wingi wa damu, hasa kwa mwanamke mwenye hedhi nzito. Sigara iachwe wiki kadhaa kabla. Kisha mlo mwepesi wa takriban wiki mbili ili ini lipungue, maana ini lenye mafuta hufunika mahali daktari anapotaka kufanyia kazi.

Nyumbani hayo yote huchukua wiki au miezi, na wengine huchoka njiani. India mara nyingi hupimwa siku moja au mbili baada ya kufika. Haraka, lakini hupimwa, na majibu huweza kubadili mpango. Uturuki vipimo vingi hufanywa siku ya kufika na upasuaji kesho yake, kwa hiyo kikitokea cha kukuzuia, shinikizo la kuendelea ni kubwa. Dawa yake ni moja: fanya vipimo nyumbani kwanza, uvitume, na upate jibu la daktari kwa maandishi kabla ya kununua tiketi.

Anayetumia ARV, vidonge vya uzazi wa mpango au dawa za kifafa aseme mapema. Baipasi hubadili jinsi mwili unavyofyonza dawa, na vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kutokutosha tena.

Kilichomo ndani ya bei

Sitaji bei, kwa sababu hubadilika na kwa sababu bei ya tangazo si bei utakayolipa. Uturuki kwa kawaida hutoa kifurushi: upasuaji, usiku chache hospitalini, hoteli, gari la uwanja wa ndege. India hutoa makadirio, na siku za ziada huongezewa bili. Nyumbani utaona bili ya daktari, ya daktari wa usingizi, ya wodi na ya vifaa vya kushonea, kila moja peke yake, na jumla hutisha. Lakini anayesafiri aongeze tiketi mbili, viza, chakula cha msindikizaji na siku za kazi zilizopotea; pengo hupungua.

Kwa zote tatu uliza jambo moja kwa maandishi: nikirudishwa chumba cha upasuaji, au nikilazwa chumba cha mahututi kwa wiki mbili, nani analipa? Bima nyingi hazigusi upasuaji huu, na nyingine hukataa hata matatizo yanayotokana nao.

Wiki mbili za mwanzo

Hapa ndipo ningependa usome polepole. Vinavyoua baada ya upasuaji huu ni hasa viwili: damu kuganda miguuni na kwenda mapafuni, na mshono kuvuja. Kuvuja kunaweza kuonekana siku ya tano, ya kumi, hata baada ya wiki kadhaa. Dalili zake ni mapigo ya moyo kwenda mbio yasiyotulia, hasa yakizidi 120 kwa dakika, homa, kubanwa na pumzi, maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto, na hisia kwamba kuna kitu hakiko sawa. Mgonjwa akisema hivyo, aaminiwe.

Jiulize: siku ya kumi utakuwa wapi?

Ukifanyiwa nyumbani, utakuwa kitandani kwako, na aliyekupasua yuko mji huohuo au mwendo wa gari. Hii ndiyo faida kubwa ya nyumbani kuliko zote. Inaisha nguvu kama unaishi Mtwara au Lodwar na daktari yuko jiji kuu. Basi panga kukaa karibu naye angalau wiki mbili.

Ukienda India, unaweza kuwa bado huko. Viza ya matibabu ya mtandaoni hutoa muda wa kutosha na huruhusu wasindikizaji hadi wawili, na madaktari wengi huwaambia wageni wakae kwenye nyumba ya wageni karibu na hospitali kabla ya kupanda ndege. Waliofanya hivyo huzungumza kwa utulivu. Waliokata siku ili kuokoa pesa ndio hueleza usiku wa homa ndani ya ndege. Msindikizaji mmoja aliniambia kazi yake kubwa Chennai ilikuwa kumwamsha mgonjwa atembee korido kila saa chache, na kutafuta supu isiyo na pilipili.

Uturuki vifurushi vingi huwa vya takriban wiki moja kwa jumla. Maana yake siku ya kumi uko nyumbani, umeshakaa saa nyingi kwenye kiti cha ndege huku damu yako ikiwa na mwelekeo wa kuganda, na daktari yuko upande wa pili wa simu. Ukichagua njia hii, lipia hoteli mwenyewe siku saba zaidi, uliza sindano za kuzuia damu kuganda utazitumia mpaka lini, na vaa soksi za kubana safarini. Wanaofanya hivyo hupata huduma ileile ya ustadi bila kubeba hatari ya haraka.

Na usitoke hospitali yoyote ya nje bila ripoti ya upasuaji kwa Kiingereza: aina ya upasuaji, urefu wa utumbo uliorukwa kama ni baipasi, matokeo ya kipimo cha kuvuja, dawa ulizopewa. Daktari wa dharura nyumbani akikuta tumbo asilolijua na karatasi ya Kituruki, dakika zinapotea.

Miaka inayofuata

Upasuaji huu hauishi. Vitamini ni za maisha yote: multivitamini, kalsiamu, vitamini D, chuma, B12. Damu hupimwa karibu mwezi wa 3, wa 6 na wa 12, kisha kila mwaka. Protini angalau gramu 60 kwa siku. Kwa mfuko mdogo hilo ni kazi, na yai, maziwa, samaki na dengu hutangulia ugali. Mwanamke ashauriwe kusubiri miezi 12 hadi 18 kabla ya ujauzito. Anayefunga Ramadhani aulize mapema, kwa sababu miezi ya mwanzo mwili unahitaji kunywa kidogokidogo mchana kutwa.

Yako mambo mawili ambayo kila mgonjwa anapaswa kuyasema kwa sauti akiingia zahanati yoyote ya kwetu. La kwanza, aliyefanyiwa baipasi asichomwe diklofenaki wala kupewa ibuprofeni ovyo. Humchimba vidonda pale palipounganishwa. La pili, mgonjwa anayetapika kwa siku nyingi baada ya upasuaji apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi. Upungufu wa B1 huleta kuyumba, kuona viwiliviwili na kuchanganyikiwa, na glukosi pekee huuzidisha.

Nyumbani ufuatiliaji uko karibu, ingawa si kila daktari wa upasuaji ana mtaalamu wa lishe. Uliza kama yupo. Hospitali nzuri za India hufuatilia kwa video mwaka wa kwanza, na saa zao ziko mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu tu. Uturuki ufuatiliaji mara nyingi ni kikundi cha WhatsApp kinachosimamiwa na ofisi ya wakala. Husaidia kwa maswali ya chakula, lakini hakitoshi nywele zinapokatika na damu kupungua. Kwa njia zote mbili za nje, tafuta kabla ya safari daktari wa nyumbani atakayekubali kukupokea ukirudi. Wengine hukataa mgonjwa waliyemkuta ameshakatwa na mwingine. Heri ukataliwe kabla ya kuondoka.

Kuhusu siri

Wengi huchagua nje ili mtaa usijue. Naelewa; unene kwetu husemwa hadharani, na kupungua husemwa zaidi. Lakini mtu mmoja wa nyumbani lazima ajue ulichofanyiwa, wapi na na nani. Ukizimia sebuleni, yeye ndiye atakayemwambia daktari.

Kwa hali yako

Kama una kisukari cha muda mrefu, presha, moyo au umri mkubwa, na unaishi karibu na daktari mwenye uzoefu, nyumbani kunakufaa zaidi, hata kwa bili kubwa.

Kama nyumbani hujapata daktari mwenye idadi ya kuridhisha, au unahitaji marekebisho ya upasuaji wa zamani, India inafaa, mradi uweze kukaa huko wiki mbili au tatu na msindikizaji wako. Marekebisho ni magumu kuliko upasuaji wa kwanza. Hapo uzoefu ni wa kutanguliza.

Kama una afya nzuri kiasi, ni upasuaji wako wa kwanza, na unaweza kujiongezea siku na kupata daktari wa kukupokea, Uturuki si ya kuogopwa. Mtume daktari maswali yako, ajibu yeye kwa jina lake, siyo ofisi.

Kama uko Uingereza, anza na rufaa ya NHS, huduma ya afya ya umma ya huko, hata kama foleni ni ndefu. Ufuatiliaji wa miaka miwili baada ya upasuaji umo ndani yake. Ukienda nje kwa pesa yako, NHS itakutibu kwa dharura, lakini usitegemee kwamba kliniki ya uzito itakuchukua moja kwa moja.

Kama unavuta sigara bado, unapanga mimba ndani ya mwaka huu, au hakuna aliyekupima tumbo, usilipe amana popote kwa sasa. Muulize daktari pia kuhusu dawa mpya za sindano za kupunguza uzito, na puto, ambalo Muhimbili Mloganzila ni miongoni mwa hospitali zilizokuwa zikiliweka. Daktari atakayekwambia "subiri miezi minne, kisha rudi" mwandike juu kabisa ya orodha yako.